Niliandika Kumanjayi

S.L.P. 318,
Alice Springs.
Jumanne, 14 Julai 2026

Mpendwa dada Valda,

Pole na baridi ya huko Hobart. Hujambo lakini? Kifua kimepona, au bado unakohoa kila ukitoka kwenye yale mabwawa ya samaki? Watoto nao? Mimi mwili ni mzima, nakula, natembea. Zaidi ya hapo sisemi, nisije nikakudanganya kabla barua haijaanza.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yako haipokelewi tangu tulipomzika kaka yetu mwezi wa pili. Sikulaumu. Barua hii anakuletea Lynette, anapanda ndege leo mchana, na nimemwambia asiondoke mlangoni kwako mpaka uwe umeisoma yote.

Ni habari ya mama. Mama yako mzazi, mama mdogo wangu, ingawa tangu alipofariki wa kwangu sijawahi kumwita mdogo. Ameacha kwenda kusafishwa damu. Alhamisi hakwenda, Jumamosi hakwenda, na leo asubuhi gari la wagonjwa limepiga honi mlangoni kwake likaondoka tupu. Miguu imevimba hadi viatu havimwingii. Akisema sentensi moja anapumzika. Muuguzi ameniambia bila kuzungukazunguka kwamba akiendelea hivi, wiki ijayo hafiki. Na aliyemfikisha hapo ni mimi.

Ngoja nikueleze kazi yangu, maana najua huko mnasema tu Delwyn anabonyeza kompyuta. Ofisi yetu imetengeneza chombo cha kupanga orodha za nyimbo. Hakitumiwi na watu, kinatumiwa na mawakala wa akili mnemba, zile programu zinazofanya kazi zenyewe ukishazituma. Hospitali ikisema tuwekee muziki wa wagonjwa wetu, wakala anachagua nyimbo na kuzipanga. Mimi ndiye ninayeandika mwongozo anaousoma huyo wakala. Hajui kitu kingine chochote. Hana shangazi wa kumfinya akikosea msibani. Nisichokiandika mimi, kwake hakipo.

Sasa ndani ya chombo hicho kuna kisanduku cha waimbaji wasiopigwa. Ukiandika jina, mwimbaji huyo haguswi. Nyumba ya kusafishia damu ilipoomba muziki wa Kiwarlpiri, lugha yetu, nikaambiwa nikijaze mimi, kwa kuwa ndimi Mwarlpiri pekee ofisini. Nyimbo za kaka yetu zimejaa kila mahali, unajua mwenyewe, na sauti ya marehemu haipigwi watu wake wakiwa bado wanamlilia. Nikaweka vidole nimwandike. Dada, vidole havikwenda. Hata miezi sita haijaisha. Yule muuza duka mwenye jina kama lake tumeshambadilishia jina, mji mzima unamwita Kumanjayi, halafu mimi nikae nimchape marehemu herufi kwa herufi? Nikaandika Kumanjayi, kama tunavyomwita kila aliyetutoka ambaye jina lake halitajwi. Nikaona nimefanya jambo la heshima, nikaenda kunywa chai.

Na mwongozo, kwa mkono wangu huu huu, unasema: jina lisipopatikana, endelea. Wakala akamtafuta mwimbaji aitwaye Kumanjayi, hakumpata, akaendelea.

Jumanne iliyopita mama alikuwa kwenye kiti chake, sindano mbili mkononi, saa tatu bado ziko mbele yake. Kaka yetu, mwanawe wa kumzaa, akaanza kuimba kutoka kwenye spika za darini. Wanawake wote wakajifunika blanketi kichwani wakalia. Muuguzi, mgeni maskini, akawa anakimbia kutoka mashine hadi mashine akidhani wanaumwa. Mama peke yake hakujifunika. Na hakuweza kuinuka, Valda. Utainukaje na damu yako iko nje inazunguka? Dakika nne nzima, mpaka wimbo ukaisha.

Shangazi Napaljarri, anayelala kiti cha pili, alinijia ofisini siku ile ile, plasta bado iko mkononi.

"Wewe, hiyo mashine yako haina adabu?"

"Inafanya ninachoiandikia, shangazi."

"Basi asiye na adabu ni wewe."

Akageuka akaenda zake. Wenzangu wote wakajifanya wanasoma.

Graeme, mkubwa wangu, si mtu mbaya. Alivuta kiti akakaa karibu nami. "Sasa Del, si ungeandika tu jina lake?"

"Siwezi."

"Basi niambie mimi, nitachapa."

"Graeme, ndilo hilo nakwambia. Siwezi."

Alicheka kidogo, kisha akaacha. Nikatoa kabatini kasha la santuri ya kaka yetu, lenye jina lake, nikaliweka mezani kifudifudi, nikatoka uani. Yeye akaligeuza akachapa mwenyewe. Sasa hapigwi tena. Ukurasa wote nimeuandika upya: jina lisipopatikana, simama, uliza mtu. Maneno matatu tu, nami nimeyaandika mama akiwa ameshaumia.

Jana nilikwenda kumwomba radhi. Nilimkuta amekaa juani, mgongo ukutani, blanketi zake mbili zimefungwa kamba. Ijumaa ndugu wanakuja kumchukua arudi nyumbani kijijini, na wewe unajua kule hakuna mashine ya damu.

"Mama, tumemtoa," nikamwambia. "Hutamsikia tena pale. Rudi, nakuomba."

Akavuta zile blanketi karibu naye.

"Nani kakwambia nimekasirika?" akasema. "Wenzangu walijifunika. Mimi nilisikiliza, mpaka mwisho." Akapumzika. "Siogopi kumsikia tena, mwanangu. Naogopa nitakaa kwenye kile kiti nikimngoja."

Nililia pale pale mbele yake, na yeye ndiye aliyenibembeleza, huku pumzi zimemwishia.

Nisalimie wanao, na shemeji Craig, mwambie lile koti alilonipa ndilo nililovaa wakati huu. Shangazi Napaljarri anakusalimu wewe. Mimi bado hanisalimu.

Dada, njoo. Kesho panda ndege, Alhamisi saa mbili asubuhi ndiyo zamu yake. Muuguzi amekubali uwekewe stuli kando ya kiti chake, na muziki wamezima kabisa kwa sasa. Lakini kwanza mpigie leo, tumia simu ya Lynette, umwambie kwa sauti yako kwamba uko njiani. Mimi akiniona anaona mtu wa kusamehewa tu. Wewe ukimwambia unakuja, atakuwa na mtoto mwingine wa kumngoja.

Mungu akufungulie njia, na ardhi yetu ikupokee salama.

Ni mimi nikupendaye, hata ukiamua kunichukia,

Delwyn Nungarrayi