Nimebuni Mataifa Tisa, Mume Wangu Amenishinda

Mshauri wangu mpendwa, naomba msaada, ila kwanza naomba usicheke, na kama itabidi ucheke basi cheka upesi umalize halafu urudi, kwa sababu jambo lenyewe linaanza kama kichekesho na mimi mwenyewe nimelicheka mpaka juzi.

Mimi ni mke wa mtu, natengeneza meno ya bandia kwenye maabara ya meno, kazi ya kukaa kimya na vumbi la plasta puani, na mume wangu ni fundi wa lifti. Hatuna ugomvi. Hatupigani, hatununiani, hakuna mwanamke wa nje wala mwanamume wa nje. Kwetu walioingilia ndoa ni watu wenye mapezi na manyoya, na hao nimewaleta mimi mwenyewe. Maana yangu ni kwamba nina mchezo. Ni mchezo wa mezani ambao mtu mmoja anabuni dunia nzima, wenzake wanaingia humo kwa mdomo tu, kila mmoja akijifanya mtu wa taifa fulani la kubuni, na dadu ndizo zinazoamua kama panga limempata adui au limekata kamba ya daraja mlilosimama. Mwenye kubuni ni mimi. Wachezaji ni mume wangu, wifi yangu ambaye ni mdogo wake wa tumbo moja, na jirani yetu fundi cherehani, na tunacheza kila Jumamosi mchana sebuleni kwetu.

Sasa mwenzangu, kubuni taifa la watu ni kazi. Nilipoanza nilikuwa kama kila anayeanza, natengeneza taifa la wenye hasira, taifa la wenye hekima, taifa la wapiga mishale, mpaka jirani akaniuliza, "Hawa wa msituni wote ni wapiga mishale?" nikamwambia ndiyo, akasema, "Sasa nani anapika?" nikaona aibu kama niliyefumaniwa. Tangu hapo nikajiapiza kwamba taifa langu halitoki mpaka nijue wanasalimianaje, wanaona haya kwa lipi, wanamfanya nini mgeni aliyekaa mno, mkwe anaketi wapi, na mtu akifa wanafanyaje. Nina watu wa kinamasi ambao kumwuliza mtu habari za watoto wake kabla hujalisifia tope lake ni tusi. Nina watu wa manyoya ambao hawaolewi ila na aliyewashinda kwa kubishana, kwa hiyo ndoa zao ni chache na kelele ni nyingi. Wote nimewachongea sanamu ndogo kwa plasta inayobaki kazini, na wamejaa mezani na milima yao na mito yao, mpaka mume wangu anakula sahani ikiwa mapajani kama mgeni wa harusi aliyekosa kiti. Wifi aliwahi kunitania, "Wifi, wewe unajua wakwe wa kinamasi wanavyosalimiwa, sisi wakwe zako wa kweli tunapita tu hapo koridoni." Nilicheka sana, nikaichukua kama sifa.

Nikaja kwenye Wamawe. Hao ndio ninaojivunia, watu wakubwa wa mawe, wazito, wasiosema sana. Walinitaabisha kwenye suala la kufiwa, nilikuwa nikiwapa vilio vya kawaida haviwakai, mpaka alipofariki mkwe wangu, mama yake mume wangu, Mungu amrehemu, na wageni walipoondoka nikamkuta mume wangu amekaa mlangoni na viatu vyake vya kazi miguuni, haendi wala harudi, amekaa tu, na siku zilizofuata vilevile, na mshauri wangu nakwambia ukweli, nilisimama pale na kikapu cha nguo nikamwangalia weee, nikasema moyoni, hee, hii ndiyo yenyewe! Wamawe wakifiwa hukaa mlangoni na viatu miguuni, kama watu wanaosubiri kuitwa. Nikaenda mbio kuiandika kabla haijanitoka. Nilipowasomea wachezaji, jirani akasema desturi hiyo imemsisimua mwili. Mume wangu akasema, "Nzuri." Basi.

Desturi nyingine ya Wamawe ni figa. Ukifika kwao unapewa jiwe la jikoni lenye joto la moto wa jana, na anayelishika hasemi uongo, na anayemsikiliza haruhusiwi kujibu hata neno mpaka jiwe lipoe. Nami kwa kupenda makuu nikalichonga figa lenyewe kwa plasta, nikalipaka rangi ya masizi. Jumamosi iliyopita wasafiri wakafika kwa Wamawe, na mimi nikawa Bibi Mkuu wao, ambaye ana sauti yake maalumu, nzito, ambayo nyumbani wanasema ni ya lori linalopanda mlima. Nikawauliza mmoja mmoja, "Msafiri, umeacha nini nyumbani?" Jirani akasema ameacha mke mkali na mbuzi mpole. Wifi akasema ameacha kiti cha enzi, maana yeye kila tukicheza ni binti mfalme. Mume wangu anacheza kama Mmawe mmoja mzee tunayemwita Kokoto, na kwa kawaida neno lake refu kuliko yote pale mezani ni "napiga." Siku hiyo akalishika figa, akaliangalia, akasema:

"Sikuacha kitu. Mama yangu alikufa, nikakaa mlangoni. Mke wangu akapita na nguo, akaniangalia sana. Nikadhani ataniuliza. Hajaniuliza mpaka leo."

Mshauri, unajua nilifanya nini? Nilifuata kanuni. Nilinyamaza, kwa sababu figa lilikuwa halijapoa. Wifi akainuka akaenda jikoni kuosha kikombe kilichokuwa kisafi, jirani akainama kutafuta dadu chini ya meza na dadu zote zilikuwa juu, na mimi nikaona jiwe sasa limepoa, nikasema kwa sauti ya lori, "Umenena vyema, mwana wa mawe," nikampa alama kumi za kuigiza vizuri. Alama kumi! Mtu ambaye hajawahi kupata hata tatu. Akashukuru, akarusha dadu, mchezo ukaendelea, wakaua joka.

Ni pale nilipokuwa nakusanya sanamu ndipo maneno yake yaliponirudia. Nikamwuliza, "Yale ya leo ulikuwa unasema wewe au Kokoto?" Akasema, "Ni mchezo tu, mke wangu," akaenda kuoga. Tangu siku hiyo yuko vilevile, ukimwuliza habari za kazi ni nzuri, ukimwuliza hali ni salama, sahani mapajani, asante kwa chakula.

Nishauri. Aliyesema ni mume wangu au ni Kokoto? Niifute desturi ya figa, maana naona ni ya hatari? Nivunje mchezo kabisa? Au Jumamosi niwarudishe kwa Wamawe, nimpe figa tena nimwulize vizuri kwa sauti ya Bibi Mkuu, ambako angalau najua anajibu? Nampenda mume wangu, na ninachoogopa ni kwamba iko siku ataniacha nisijue kama ameniacha, kwa sababu ataondoka kimyakimya na ataaga kwa adabu.

Ni mimi, Mama Mataifa.

MSHAURI ANAJIBU

Mama Mataifa, nimecheka upesi kama ulivyoniruhusu. Nilipofika kwenye alama kumi nikaacha.

Swali lako la kwanza ni jepesi. Aliyesema ni mume wako. Kokoto hana mama. Angekuwa naye ungeshaniandikia kurasa mbili za jinsi anavyosalimiwa.

Hayo mengine unayoyauliza ni ya kunizungusha tu. Unataka nikwambie figa lina hatari. Figa halina kosa lolote, ni plasta. Kosa liko mlangoni, na wewe umelipita mbio katikati ya barua ukiwa na kikapu chako. Ulimwona mtu amefiwa, ukaona kitu kizuri cha kuandika. Kisha ukamsomea mwenyewe, mbele ya dada yake ambaye marehemu ni mama yake pia, na jirani akasisimka. Fikiria, mama mzima! Mwanamume yule aliketi pale akisikiliza huzuni yake ikitangazwa kuwa desturi ya watu wa mawe, akasema "Nzuri." Mimi ningepindua meza na milima yake yote.

Sisemi huna moyo. Asiye na moyo asingeviona vile viatu. Wageni wote walipita mlango uleule wakitoa pole, na hakuna aliyeona ila wewe. Lakini jicho lako likiokota kitu linakimbilia nacho mezani, halimrudii mwenye nacho. Na sababu naijua, wala si ubaya: uliogopa. Mtu wa kubuni ukimwuliza swali, jibu unalo wewe, na ukimgusa kidonda halii. Mume hana wepesi huo. Ungemwuliza mlangoni pale, angeweza kukujibu jambo ambalo hulijui namna ya kulishika.

Naye si malaika. Mtu mzima anayesubiri kupewa jiwe la rangi ndipo aseme amefiwa, ana lake la kujibu. Ila hakuniandikia yeye, umeniandikia wewe, kwa hiyo vumilia.

Mchezo usiuvunje. Ni mahali pekee alipopata mdomo, na wewe ndiye uliyemjengea, hilo nakupongeza. Lakini Jumamosi usiingoje, na habari ya kumwuliza tena kwa sauti ya lori iishe leo. Ukimwuliza kama Bibi Mkuu atakujibu kama Mmawe, na mtazeeka mkizungumza kupitia watu ambao hawapo. Kimya kingi kina mshindo mkuu, dada yangu, na mshindo wa kwanza umeshausikia ukaupa alama.

Leo hii bara lako litoke mezani. Lihamie juu ya kabati, huko hakuna anayekula, na nyinyi mle mezani mkitazamana. Wifi yako mwendee peke yake umwombe radhi, kabla hajamaliza vikombe vyenu vyote. Desturi ya viatu mwachie mumeo aamue: ikibaki sawa, ikiondoka sawa, na akisema iondoke usinianzie habari za jinsi ilivyomkaa Mmawe.

Kisha kaa naye kwa sauti yako hii ya kila siku. Usimwulize tena kama alikuwa yeye au Kokoto, maana swali hilo linampa upenyo wa kutokea, na alishautumia akaenda kuoga. Mwambie, "Nilikuona siku ile, sikukuuliza, nimekosa. Niambie mama yako alikuwa mtu gani." Halafu funga mdomo. Huenda akasema salama tu. Wewe kaa. Huenda akakusimulia kitu kidogo, jinsi mama alivyomkemea kwa kukanyaga sakafu mbichi, au alivyokuwa akicheka mpaka anashika ukuta, na mkono wako utawashwa kutafuta kalamu, nakujua sasa. Ukalie huo mkono. Hayo si ya Wamawe, ni ya kwake, na atakupa wewe tu. Na akianza kulia usiinuke kumletea maji, usimwambie basi, usiseme lolote la hekima. Kaa hapohapo mpaka amalize.