Kano la Bwana Adérito

Vila Chã do Torno, 21 Oktoba

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepata nafuu. Mimi mzima, ila mvua haijakatika wiki nzima na chumba changu kinanuka vanishi ya viwandani.

Nilianza kazi katikati ya mwezi uliopita. Sisi watatu tuliohitimu tiba ya kazi, ya kuvirudishia viungo uwezo wake, mwezi Juni tulipewa kozi ya majeraha ya mkono, siku mbili, na cheti. Siku ya tatu nikawekwa peke yangu chumba cha mikono cha hospitali, maana aliyekuwapo amestaafu. Mji huu ni wa maseremala. Kila Jumatatu misumeno hutuletea watu.

Nina swali, nawe umeifanya kazi hii miaka thelathini na minne. Bwana Adérito Quintela, mchonga miguu ya viti, alijikata kiganja kwa patasi. Kano linalokunja kidole cha shahada limeshonwa, na sasa ametimiza wiki tatu ndani ya banzi la kukishikilia kidole. Kidole kimekakamaa. Karatasi ya kozi inasema wiki ya nne mgonjwa aanze kufinya mpira laini, lakini haisemi ni kwa jeraha gani. Daktari aliyemshona yuko Porto na hajibu. Nimpe mpira, au nisubiri? Miadi yake ni tarehe 31.

Mwanao,
Benedita

Viana, 26 Oktoba

Mtoto wa kaka yangu,

Marahaba. Goti linauma kama goti la mzee.

Siku mbili! Mwoka mikate wa hapa chini alimfundisha mkwewe miezi mitatu kabla ya kumruhusu kugusa tanuri, na mkate ukiungua hupewa nguruwe. Nyinyi mnapewa watu. Mimi nilikaa mwaka mzima nyuma ya mwalimu wangu, Dona Hermínia, nikikata mabanzi tu, na nikiuliza upuuzi alinigeuzia mgongo. Ndivyo nilivyojifunza. Nyinyi mna vyeti vya rangi na vidole laini kama siagi.

Na swali lenyewe ni mpira! Hilo hata mshona nguo analijua. Sijibu maswali ambayo chuo kimelipwa kuyajibu. Fungua kitabu, na kama huna, kaombe kazi ya kupokea makoti mlangoni.

Msalimie baba yako.

Shangazi yako,
Ludovina

Vila Chã do Torno, 19 Novemba

Shangazi,

Shikamoo. Safari hii sikuulizi goti.

Barua yako niliisoma mara tatu nikitafuta jibu. Baada yake sikumuuliza mtu mwingine, kwa aibu. Hata mshona nguo analijua, ulisema. Nikafikiri: mshona nguo anajua kwamba kilichoshonwa vizuri kinashika. Basi jambo ni jepesi, afinye.

Nilimpa mpira. Akafinya mara sita. Ya saba akasita. Hakupiga kelele. Aliutazama mkono wake kama mtu aliyeitwa jina lisilo lake, akasema, "Binti, kimeachia." Kano lilikuwa limekatika: kidole kilibaki kimenyooka, hakikunji tena. Akaniuliza nina muda gani kazini. Nikamwambia wiki saba. Akasema kwenye karakana yake mwanafunzi wa wiki saba hapewi hata chungu cha gundi. Kisha akavaa koti kwa mkono mmoja. Niliposogea kumfungia vifungo alinitazama, nikarudi nyuma.

Amepasuliwa tena. Daktari, ambaye sasa anajibu, anasema mpira haukutakiwa kabla ya wiki ya nane. Sentensi moja tu, Shangazi. Kosa ni langu na nimeliandika kwenye ripoti kwa mkono wangu. Lakini wewe ulijua, ukaona kunicheka ni kutamu zaidi.

Benedita

Viana, 25 Novemba

Benedita,

Salamu. Usinitwishe mzigo wako. Mimi sikumpa mtu mpira. Enzi zetu aliyeharibu alinyamaza, hakumwandikia shangazi yake mashtaka. Na barua haitiwi sahihi kwa jina tupu kana kwamba unamwandikia mwenye nyumba.

Shangazi yako

Viana, 6 Januari

Mwanangu,

U hali gani? Krismasi hukuja kwangu, na baba yako ananiambia kila ukisikia jina langu unatoka chumbani.

Nimekusubiri wiki sita. Nitakuambia jambo ambalo hata yeye halijui. Mwaka wangu wa pili alikuja mkulima kutoka Ponte da Barca, kano la dole gumba limeshonwa. Sikujua nimvue banzi lini, na Dona Hermínia alikuwa amekwisha kunigeuzia mgongo mara mbili wiki ile. Sikuuliza. Nikamvua. Mtu yule hakushika jembe tena. Nilimwambia kosa ni lake, kwamba amelima kwa siri, akaniamini, maskini, akaniomba radhi. Miaka yote nimeuita mgongo ule shule. Ulikuwa mgongo wa mwanamke mvivu, nami nikaurithi na kuuvaa kama nishani.

Nipe ruhusa nije niwafundishe nyinyi watatu.

Shangazi yako,
Ludovina

Vila Chã do Torno, 2 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Mimi mzima. Usije.

Hapa sasa mgeni wa kazi hagusi kano lililoshonwa mpaka akae miezi mitatu kando ya mwenye ujuzi, ambaye huja kutoka Porto mara mbili kwa wiki. Nilipoomba hilo, mkurugenzi wa hospitali aliliita anasa. Bwana Adérito aliposikia alikwenda ofisini kwake, akauweka mkono juu ya meza, akamwomba akikunje kile kidole. Mkurugenzi akatia sahihi.

Kidole hakikupona. Kuchonga ameacha, sasa anapiga msasa kazi za wengine. Alhamisi huja hapa na kuwaachia wageni mkono wake waushike. "Shikeni bila hofu," huwaambia, "hiki hamwezi kukiharibu zaidi." Wanacheka. Mimi hanisalimii.

Wageni wana maswali matatu. Kidole kisipokunjika, watajuaje kama ni kano lililogandana au ni kiungo kilichokakamaa? Banzi likiacha alama nyekundu, wavumilie kwa muda gani? Na la tatu: mgonjwa akimdharau aliyemharibu, aendelee kutibiwa na huyo huyo?

Jibu tu. Ukicheka, sitaandika tena.

Mwanao,
Benedita

Viana, 7 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Waambie hivi.

Wakikunje kidole wao wenyewe kwa upole. Kikikubali mikononi mwao lakini mgonjwa mwenyewe hawezi, ni kano limegandana. Kikiwakatalia wote, ni kiungo.

Wekundu ukipita dakika ishirini baada ya banzi kutoka, banzi ni baya. Walitengeneze upya siku ile ile, wasimwambie mgonjwa atazoea.

La tatu sijui. Mimi wa kwangu nilimkimbia. Wewe bado uko chumbani naye kila Alhamisi, kwa hiyo hilo watakuuliza wewe.

Shangazi yako,
Ludovina