Marashi ya Wageni Usoni Mwangu

Jumatano, baada ya Isha

Mashavu bado yanawasha. Wiki nzima nimepaka marashi ya mawaridi, yale ya kunyunyizia wageni, kumbe yana spiriti. Bi Zuhura, somo anayenifunda kwa ajili ya harusi, ndiye aliyesema bibi harusi hahitaji tona ya dukani, yale maji ya kupangusia uso; marashi yanatosha.

Leo nimekwenda sokoni Mwanakwerekwe kutafuta tona. Dada muuza vipodozi hakunionyesha chupa hata moja, kaniuliza tu, "Uso ukishaukosha, ukiuwacha hivihivi, unakaza au unatoa mafuta?"

Tangu harusi ipangwe, uso wangu ukitoka kwenye singo ya kusugulia unaingia kwenye liwa ya msandali ya kupaka. Sijauona ukiwa mtupu.

Nikarudi nyumbani, nikaukosha, nikakaa nao. Pua na paji vikang'aa mafuta, mashavu yakakaza. Basi ngozi yangu ni mchanganyiko, na mashavu hayataki spiriti.

Mara Bi Zuhura kaingia na kibakuli cha liwa.

"Shikamoo, Bi Zuhura. Leo sipaki kitu."

"Marahaba. Siku ya kuonyeshwa kwa wageni ukitoka na vipele, watu hawatakusema wewe. Watauliza somo wake nani."

Hilo limenichoma kuliko marashi. Ni kweli, na nnaogopa. Lakini uso huu ntakaa nao mimi, wageni wakishakwenda zao.

Kesho nnakwenda kununua tona isiyo na spiriti. Marashi nshayarudisha kwenye mrashi, chombo chake cha kunyunyizia wageni. Na chupa ya tona ntampa Bi Zuhura mkononi, anipake yeye. Uso ukitoka safi, wakiuliza somo wangu nani, nimtaje.