Mlango Haukujifunga

Kwako Kaka,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wifi. Natumaini mgongo umepoa, ule unaokusumbua ukiinama kuchomelea mageti. Mimi afya ninayo, ila kutulia ndiko kulikonishinda. Tangu asubuhi nimeianza barua hii mara nne, nikainuka kwenda kuosha kikombe ambacho hakikuwa hata kichafu, nikarudi kukaa. Hukuniita Kiherehere bure.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu zipo. Kwenye simu ungenikatisha, nami ningepata upenyo wa kukimbia. Kwa hiyo nivumilie, usome mpaka mwisho.

Kazini bado tuko na zile filamu za kurudi nyuma katika wakati, zile ambazo wifi anaziita za vichaa wanaokimbizana na saa. Tumefika sehemu ya nne. Mimi natafsiri, waigizaji wa sauti wanasoma mbele ya maikrofoni, na maneno yetu lazima yalingane na midomo ya watu ambao hawajui hata kutusalimia. Hadithi unaikumbuka: mhandisi mwanamke anairudia siku ile ile ili amtoe kaka yake kwenye jengo linaloungua, na kila akifika anakuta mlango umefungwa. Sehemu ya kwanza ilisema yote yamepangwa, ya pili ikasema binadamu anachagua mwenyewe, ya tatu ikageuka tena, maana watengenezaji wakiishiwa na hadithi wanarudisha saa nyuma na kuanza upya. Wewe ulibaki na ile ya kwanza. Ulisema dada wa watu anajichosha, kwamba hata akirudi mara mia, kama haikuwa bahati ya kaka yake, haikuwa.

Sasa wiki iliyopita nimeumbuka. Sehemu ya nne inaonyesha kwamba ule mlango ulifungwa na mhandisi mwenyewe, alipokuwa mtoto, kwa hasira za kitoto. Bosi akaniita, akaniuliza kwa nini katika filamu zote tatu watu wetu wanasema mlango ulijifunga, wakati waigizaji wenyewe, kwa lugha yao, tangu mwanzo wanasema ulifungwa. Nikabisha. Fundi mitambo akanichezeshea sehemu moja baada ya nyingine, na kweli, mara kumi na moja nimeandika ulijifunga. Watazamaji wetu wameamini miaka yote kwamba ni majaaliwa, kumbe ni mtafsiri. Bosi hata hakukasirika. Alisema ni silabi tu, tutoe hii tuweke ile, turekodi upya. Mimi nilitoka nikasimama kwenye korido, kwa sababu nilijua kosa lile limetoka wapi.

Siku moja kabla ya hapo binti yako alikuwa amenipigia. Aliniambia amechaguliwa chuo cha upimaji wa ramani, kwamba fomu inataka saini ya mzazi na inatakiwa irudi kabla ya mwisho wa mwezi, na kwamba wewe umeiweka juu ya kabati na kusema ukoo wetu haukuandikiwa vyuo. Eti ulimpa mfano wako mwenyewe: uliingoja barua ya chuo hicho hicho, barua ikapotea, ukashika kazi ya kuchomelea na maisha yakaenda. Hakulia, Kaka. Aliongea taratibu kabisa, kama mtu aliyeshakubali. Hilo ndilo lililonitia hofu.

Kaka, barua yako haikupotea. Niliificha mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Wewe ulikuwa kibaruani, mjomba amelala, na tarishi akanikabidhi bahasha getini akaniambia nikupe mkononi. Mama alikuwa ameshatutoka, na unajua mjomba akilewa alikuwaje, na kwamba ni wewe uliyekuwa ukinitoa nje mpaka atulie. Nilipoiona mihuri ya chuo nilijua unaondoka na mimi nabaki naye. Nikaiweka chini ya karatasi ya droo yangu. Niliapa nitakupa Jumapili. Jumapili ikafika nikasema kesho, na kesho yake ukaniuliza kama tarishi amepita, nikasema hajapita. Mdomo ukishasema hivyo mara moja, mara ya pili unasema wenyewe. Siku ya kuripoti ikapita. Ukaenda posta, wakakwambia barua nyingine hupotea njiani, ukarudi ukaketi kitandani. Mimi nikalia, nawe ukanibembeleza ukidhani ninalia kwa ajili yako. Nililia kwa woga.

Sikuombi unisamehe haraka. Kasirika, una haki, na ukitaka nisifike kwenu kwa muda nitaelewa, ingawa nitaugua. Ila usimwambie mtoto kwamba ni majaaliwa. Ilikuwa ni mimi, na droo, na woga wangu.

Bahasha yenyewe nimeitia humu. Nimehama nayo nyumba tano. Sijawahi kuifungua, kwa hiyo hata mimi sijui kama walikuita au walikukataa. Najua mkono wako utaikimbilia. Nakuomba jambo moja tu, Kaka: ishushe fomu ya binti yako kutoka juu ya kabati, uisaini kwanza, ndipo uifungue yako.

Nisalimie wifi, na umwambie binti yako kwamba shangazi yake anamngoja kwa majibu yoyote yatakayokuja. Mgongo uuangalie.

Ni mimi mdogo wako,
Kiherehere