Ubavu wa Toroli Refu

Jumatatu, 4 Machi

Wiki ya tatu kiwandani. Bado nakula mchana peke yangu, ngazini. Shangazi, aliyenitafutia nafasi hii, anasema watu watadhani naringa. Siringi. Sijui tu maneno huanzia wapi.

Leo Mhandisi kanipa kazi yangu mwenyewe. Matoroli yanayobeba majora ya vitambaa yanajiendesha, na kila mfanyakazi anavaa beji inayoonyesha alipo. Kompyuta inahesabu umbali kati ya toroli na mtu. Ukiwa chini ya nusu mita, toroli linasimama. Shida ni kwamba programu ya zamani inaliona kila toroli kama duara kubwa, kwa hiyo linasimama hata pasipo na sababu. Wafanyakazi wanayaita mabibi harusi — hatua moja, pumzi tatu.

Mhandisi anataka yahesabiwe kama mistatili. Eti mimi nimetoka shule juzi, jometri bado ina joto kichwani.

Jumanne, 5 Machi

Imekubali! Mstatili una pembe nne. Napima kutoka kwa mtu hadi kila pembe, nachukua umbali mdogo kuliko yote. Majaribio arobaini, hakuna lililokosea.

Mama Mkasi, mkuu wa meza ya kukatia, alijitolea kusimama kando ya toroli la majaribio, lile fupi la sentimita themanini. Likasimama papo hapo.

"Leo bibi harusi kamwona mama mkwe," akasema. Watu wakacheka, na mimi nikacheka.

"Kumbe una meno, mwanangu."

Jumatano, 6 Machi

Programu yangu iko kwenye matoroli yote. Nyumbani, mama yangu alifurahi. Sikuweza kumweleza vizuri ni kitu gani.

Alhamisi, 7 Machi

Yamekuja matoroli mapya. Marefu, mita tatu.

Jioni nilichora moja kwenye daftari la kazi, nikamweka mtu katikati ya ubavu wake, sentimita ishirini tu kutoka kwenye chuma. Nikapima kama programu inavyopima. Mita moja na nusu.

Nikapima tena. Ileile.

Pembe ziko mbali, ubavu uko karibu, na mimi ubavu sikuupima kabisa. Toroli fupi lilinifichia kosa kwa sababu pembe zake haziko mbali na katikati.

Nilikwenda na daftari ofisini. Mhandisi alikuwa na wageni wawili. Akainua kichwa, akauliza kama nina swali. Nikasema hapana. Nikafunga mlango taratibu, kama niliyeomba radhi.

Nitarekebisha kesho, kabla kazi haijaanza.

Ijumaa, 8 Machi

Zamu ya asubuhi iliingia mapema kwa saa nzima. Nilipofika matoroli marefu yalishaanza kutembea.

Moja lilikuwa linakata kona penye meza ya kukatia. Mama Mkasi alikuwa ameinama, ubavu wa toroli ukambana mezani. Mkono wa kulia umevunjika mahali pawili.

Hakupiga kelele. Aliomba mtu amvue mkasi vidoleni.

Jumamosi, 9 Machi

Nimerekebisha. Mistari sita ya programu. Unaurefusha mstari wa ubavu, unatafuta nukta yake iliyo karibu zaidi na mtu. Ikiangukia nje ya ubavu, ndipo unarudi kwenye pembe. Mistari sita tu.

Sijaipeleka popote. Matoroli yamesimamishwa hadi uchunguzi uishe. Mhandisi anasema lawama ni ya Mzee wa Stoo, anayepakia matoroli: alipakia majora yakatokeza nje. Ushahidi wake ni kwamba kompyuta iliandika mita moja na nusu kati ya toroli na Mama Mkasi, na kompyuta haina sababu ya kumwonea mtu.

Mzee wa Stoo alimjibu mbele ya watu wote, "Mimi napakia majora tangu wewe unanyonya." Hakuna aliyecheka. Jumatatu ataitwa ofisini.

Nikiingiza mistari yangu kimyakimya, itaonekana ni marekebisho ya kawaida. Hakuna atakayejua. Nimelifikiria jambo hili siku nzima, na naliandika ili nisije kujidanganya kwamba sikulifikiria.

Nilimwambia Shangazi. Akasema mdomo huponza kichwa, na kwamba mkono wa Mama Mkasi hautaunga hata mimi nikifukuzwa.

Kweli hautaunga.

Jumatatu, 11 Machi

Saa tatu. Naandika kwenye benchi la korido, nje ya ofisi. Mzee wa Stoo yuko ndani. Sauti ya Mhandisi naisikia, yake siisikii.

Nimerudia sentensi ya kwanza mpaka imepoteza maana: Shikamoo, kosa ni la programu, programu ni yangu.

Saa tatu na robo. Ametoka. Funguo za stoo hazipo kiunoni. Nilizoea kumsikia kabla ya kumwona; leo amekaa karibu yangu bila mlio wowote.

"Na wewe umeitwa, binti yangu?"

"Sijaitwa."

"Basi nenda kazini. Wakikuona hapa watakutafutia na wewe kosa."

Sikuondoka. Nikamwonyesha mchoro. Anauangalia sasa, ameusogeza karibu na macho, kidole chake kinafuata ubavu wa toroli polepole, kutoka pembe hadi katikati. Hapo kimesimama.

Amenirudishia daftari, amesogeza miguu yake nipite hadi mlango wa ofisi.