Lambo Lililo Chini ya Jengo la Kwanza

Jumatatu, 4 Novemba

Dawa saa mbili. Uji. Kiti cha barazani. Miguu imevimba tena. Daktari ameacha kuzungumzia mwakani, sasa ananiambia tuonane wiki ijayo. Nimemwelewa.

Mchana amekuja mwanamke kutoka chuoni. Neema, mhadhiri wa historia. Anaandika kitabu cha majengo ya chuo, tangu Jengo la Kwanza hadi maabara mpya. Ameambiwa kwamba mimi nilikuwepo siku wapimaji walipokuja. Kaambiwa na nani? Hakusema. Alitaka kunirekodi kwa simu. Nimekataa. Akatoa daftari, akatabasamu. Sikulipenda tabasamu lile.

Jumatano, 6 Novemba

Karudi. Nimempa historia ileile ninayoitoa kila mwaka kwenye mahafali. Jengo la Kwanza: ukumbi mmoja mrefu, mawe yaliyobebwa na akina mama kichwani, bati lililochelewa msimu mzima. Kisha mabweni. Kisha maktaba. Kisha jengo la utawala. Kisha maabara. Nilikuwa kwenye kamati ya majengo hadi juzi juzi uzee uliponitoa.

Aliandika kwa utulivu. Halafu akauliza: "Mzee, mbona majengo yote yaliyofuata yamepanda mlimani? Huku bondeni kuna nafasi tele."

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikasema hewa ya juu ni nzuri. Akaandika hewa.

Alipokuwa anafunga daftari akaniambia habari njema, kama alivyoiita yeye. Jengo la Kwanza litaongezwa ghorofa mbili. Mafundi wanaanza Januari. Picha yake itakuwa kwenye jalada la kitabu.

Sikuweza kumaliza chai.

Alhamisi, 7 Novemba

Niandike. Mkono bado unashika kalamu.

Pale liliposimama Jengo la Kwanza palikuwa na lambo. Nimenywesha ng'ombe wa baba yangu hapo. Baadaye kijiji kilichimba lambo jingine, hili likafukiwa. Kila kaya ilitupa ilichokuwa nacho: majivu, samadi, masalia ya pamba, udongo mweusi juu. Miaka ikapita. Pakawa uwanja tambarare, mzuri, mkavu wakati wa kiangazi.

Wapimaji walikuja kiangazi. Mkubwa wao hakujua Kisukuma. Mzee Nkwabi, mwenye kumbukumbu kuliko wote, Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji tu. Mimi mwalimu wa jiografia nikawa mkalimani. Mpimaji akauliza kama pamewahi kusimama maji. Nkwabi akaeleza kila kitu kwa kirefu, hadi jina la aliyelichimba lambo. Mpimaji akanigeukia.

Nikasema: "Anasema ng'ombe walikuwa wakipumzika hapa."

Nkwabi alitikisa kichwa kukubali. Aliniamini.

Mpimaji akaniomba nimwonyeshe pa kuchimba shimo la kupima udongo. Nikamwonyesha kona ya juu, penye changarawe.

Nilijua udongo mweusi unavyofanya. Niliufundisha ubaoni. Unavimba masika, unapasuka kiangazi. Lakini walikuwa wamesema wakikosa eneo tambarare watakipeleka chuo wilaya nyingine. Nilitaka watoto wetu wasome. Na nilitaka kuitwa mtu aliyeleta chuo. Nikaitwa. Nimeketi mstari wa mbele kwenye kila mahafali.

Kila mwaka, wiki moja kabla ya mahafali, nyufa za Jengo la Kwanza hupigwa plasta na rangi. Na kila kamati ilipokaa kupanga jengo jipya, nilisimama nikasema: twende juu. Nilisema hewa. Nilisema mandhari. Niliwahi kusema mbu. Chuo kizima kimepanda mlima kwa sababu ya uongo wangu.

Sasa wanataka kulibebesha ghorofa mbili.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimemwita Masanja. Waliokuwepo siku ile na kusikia lugha zote mbili tumebaki mimi na yeye. Kaja na bodaboda, kofia upande, meno matatu.

"Mwalimu, bado hujafa? Nimevaa shati la msiba bure."

Nikamuuliza kama kazungumza na mwanamke wa chuo. Akacheka.

"Mimi? Nilinyamaza tangu ukiwa na nywele. Nianze leo?"

Halafu akaacha kucheka. Akanikumbusha fundi Shija, mdogo wake. Shija ndiye aliyejenga kuta. Nyufa za kwanza zilipotokea, wakasema ameiba saruji. Alihamia Bukundi kwa aibu akafia huko. Masanja alijua sababu ya nyufa. Mimi nilijua. Tulikwenda msibani wote wawili.

"Wewe ulisema uongo mara moja," akasema. "Mimi nimeukalia."

Kaondoka bila kula. Simwamini. Mtu mwenye kidonda cha ndugu yake anaweza kusema na yeyote.

Jumatatu, 11 Novemba

Neema tena. Leo kaleta picha za zamani. Kaniuliza majina ya watu. Kidole chake kikakaa kwenye picha ya mzee Nkwabi, amenyoosha mkono, mimi nimesimama kando yake, mdomo wazi. "Hapa alikuwa anasema nini?"

Nikasema nimesahau.

Akiaga, akasimama getini na binti yangu Kabula. Nikasikia wanacheka. Wanaongea Kisukuma. Kisukuma cha kwao kabisa, si cha kujifunza. Kumbe kwao Lagangabilili, Usukumani humu humu! Siku zote hizi ananisemesha Kiswahili cha ofisini, kama yule mpimaji.

Anajua. Masanja kamwambia, na wakubwa wa chuo wamemtuma anitege nijifunge mwenyewe. Nimemwambia Kabula akija tena aseme nimelala.

"Baba, unamwogopa mwalimu wa historia? Yule hata kuku wangu hawamwogopi."

Kabula ni mama lishe. Banda lake liko mbele ya mlango wa Jengo la Kwanza. Wanafunzi wakitoka ukumbini wanaangukia kwenye sufuria zake. Hajui lolote.

Jumanne, 12 Novemba

Sikulala. Saa nne asubuhi nikamwambia Kabula ampigie Neema simu. Alipokuja, nikamwambia mwenyewe kwa Kisukuma, ili pasiwe na mkalimani. Lambo. Nkwabi. Changarawe. Shija. Yote.

Uso wake ulibadilika polepole. Hakuwa akijua chochote. Hakutumwa na mtu. Hajawahi kukutana na Masanja.

Nikamuuliza kwa nini basi aliuliza habari za mlima.

"Guku," akaniita, yaani babu, "nina goti bovu. Kila siku napanda kwenda maktaba, namlaani aliyeiweka kule."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Miaka yote nimekuwa nikimwona askari katika kila mtu mwenye daftari.

Akafunga daftari. Akasema haya hawezi kuyaandika kwenye kitabu cha sherehe. Akaondoka haraka.

Ijumaa, 15 Novemba

Siku tatu kimya. Simu yake inaita, haipokelewi.

Namjua. Kwa sababu ninajijua. Ana kitabu cha kumaliza, ana cheo anachokisubiri. Ni msomi, anazijua lugha zote mbili. Amesikia neno zito kutoka kwa mzee, na juu yake kuna wakubwa wanaotaka kusikia jingine. Ni rahisi sana kusema ng'ombe walikuwa wakipumzika hapa.

Nimeandika barua kwa mkuu wa chuo. Kurasa mbili, jina langu kamili chini. Nimempa dereva wa bajaji ninayemfahamu. Nimemfuata kwa macho hadi kona. Hata yeye simwamini.

Jumanne, 19 Novemba

Gari la chuo. Mhandisi, vibarua wanne, na Neema nyuma, amekunja mikono. Kumbe siku zote hizo alikuwa akienda ofisi hadi ofisi. Wa kwanza alimwambia wazee huota ndoto. Wa pili akamwambia asubiri mahafali yapite. Barua yangu ndiyo iliyomfungulia mlango wa tatu. Nimemwomba msamaha. Hakujua kwa nini, nami sikumwambia.

Wakanishika mikono hadi bondeni. Mhandisi akaniomba nionyeshe ukingo wa lambo. Nikachanganyikiwa. Lami, ua, matenki. Hakuna ninachokijua. Vibarua wakaanza kutazamana.

Kisha nikageukia vilima. Tulipokuwa wachungaji tulijua tumefika majini pale mwamba mrefu unapouficha ule mfupi. Nikasogea hatua kwa hatua, kushoto, kushoto tena, hadi mwamba mfupi ukapotea. Nilikuwa nimeegemea ukuta wa Jengo la Kwanza.

"Chimbeni hapa."

Shimo lilipofikia kifua, udongo ukawa mweusi na laini. Kufikia kichwa, yakatoka masalia ya pamba, yameoza lakini bado na vishina vyake. Kibarua mmoja akanusa akasema: samadi. Mhandisi aliingia ndani, akawatoa wanafunzi ukumbini, darasa likiwa katikati. Wakatoka wakilalamika.

Masanja alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara. Sijui nani alimwambia. Alivua kofia kidogo, akaivaa tena.

Jumapili, 24 Novemba

Jengo limefungwa kwa minyororo. Hakuna ghorofa. Wanasema huenda likabomolewa lote.

Watu wa kanisa leo hawakuniletea komunyo nyumbani. Mama mmoja ambaye mama yake alibeba mawe yale amepita mbele ya baraza bila salamu. Kabula hana wateja. Amerudisha sufuria nyumbani, amezipanga chini ya kitanda changu maana hapana pengine. Jana alinisemesha mara moja tu.

"Ungesema kabla sijajenga banda, baba."

Nilidhani nitajisikia mwepesi. Hapana. Shija hajarudi kutoka Bukundi.

Mvua kubwa tangu asubuhi, ile ya radi na upepo. Miaka yote, mvua kama hii ikishuka siku ya masomo, niliangalia saa na kuhesabu: sasa wanafunzi wamo ndani, sasa bado wamo, sasa wanatoka. Leo nilijikuta nimeishika saa. Nikaiweka mezani. Nimesikiliza mvua hadi nikasinzia kitini.