Fonti Yangu Imekuwa Mabeseni

Jumamosi, Kamembe. Mvua haijakatika tangu alfajiri, na leo sitaki kusalimiwa na muntu.

Fonti yangu imeuzwa. Vile vyuma vya kusubu vilivyokuwa nyuma ya nyumba, kitanda cha turu, kichwa chake na miguu, mke wangu Mama Zaina kampa mnunuzi wa vyuma chakavu. Kapewa mabeseni mawili ya plastiki.

Mabeseni!

Kwa msiojua kazi yetu, turu ni mashine ya kukereza chuma. Niliyo nayo hapa uani ni ndogo, ya bushi za pikipiki tu. Kwa hiyo nilichonga mifano ya mbao, nikaivusha Bukavu, mzee mmoja fundi wa kusubu akanimwagia fonti ya turu kubwa, yangu mwenyewe. Akanionya nisiiguse haraka. Fonti ikitoka kwenye kalibu bado ina hasira ndani. Ukiikata leo, kesho imejipinda. Iache inyeshewe, ipigwe jua, masika mpaka masika. Ikishika kutu, ujue inaiva.

Yule mzee ameshafariki, na tanuru lake limebomolewa.

Mama Zaina nilimweleza haya yote, tena si mara moja. Lakini kesho banakuja bageni wa kumposa Zaina, na yeye kaona haya wakwe wakute kutu uani. Mimi nilikuwa ng'ambo Bukavu, nanunua visu vya kukereza fonti hiyohiyo. Narudi, uani kumefagiliwa, peupe. Nimepanda pikipiki kulifuata lori la chakavu mpaka sokoni, nikaambiwa lilishaondoka, na hakuna anayejua limeshika njia gani.

Nimerudi nikagomba. Maneno mengine siyaandiki hapa. Yeye aliendelea kuchambua mchele, kisha akasema taratibu:

"Papa Zaina, miye nilizani ulishaachaka ile mambo."

Afadhali angenitukana.

Kumbe asubuhi zote nilizokuwa napita pale kuvigeuza vyuma vyangu, roho kwatu, yeye alikuwa akimwona mume aliyeshindwa, akanifichia aibu. Huruma ya namna hiyo inachoma kuliko matusi. Na majirani je?

Kimebaki kipande kimoja, puli, lile gurudumu la kupitisha mkanda, kilichokuwa kimewekwa chini ya pipa la maji. Mchana nimekifunga kwenye turu ndogo nikakata ganda. Ndani kijivu safi, hakuna tundu, kisu kinapita bila kulia. Nimekifungua, nimekipima, hakijajipinda hata unywele.

Fonti ilikuwa imeiva. Ningeanza kazi wiki ijayo.

Puli bila turu ni ya nini? Nimekaa nayo mapajani, mikono myeusi, nikalia. Ndiyo, nimelia, mwanamume mzima.

Kesho wakwe watauliza, kama desturi, baba wa binti anafanya kazi gani. Nitawajibu nini, na Mama Zaina amekaa pembeni yangu?